Na Nani?

Ukimwambia Mhariri kwamba kikombe kimevunjika, umejitafutia kesi. Ataweka chini chochote alichoshika, akutazame juu ya miwani, kisha aulize: "Kimevunjika, au umekivunja?" Ukijaribu kumweleza kwamba kilikuwa mezani, mara kikawa sakafuni, atakukumbusha kwamba hajawahi kukutana na kikombe kilichochoka na maisha.

Alikozaliwa sikumwuliza, na ukoo wake ni wa kwake. Jina lake pia sitalitaja, maana amenikataza. Anasema mhariri ni kama fundi wa mabomba: maji yakishafika jikoni, hakuna haja ya kujua jina la aliyeunga. Tunamwita Mhariri kwa sababu kazi hiyo aliifanya miaka mingi katika kampuni ya vitabu vya shule huko Industrial Area, mpaka wakamstaafisha. Hasemi kamwe "nilistaafu". Husema "walinistaafisha", kisha huwataja mmoja mmoja, pamoja na yule aliyeleta keki.

Lugha yetu, kwa maelezo yake, ina vichaka viwili vya kujifichia. Cha kwanza ni kauli ya kutendeka: pesa zimepotea, wali umeungua, mtoto ameumia. Hapo hakuna aliyefanya lolote, dunia imejiendea tu. Cha pili ni kauli ya kutendwa: pesa zimechukuliwa, mtoto amepigwa. Hapo mtenda yupo, lakini amesimama nyuma ya mlango na unaona vidole vya miguu tu. Kazi ya mwandishi, anasema Mhariri, ni kufungua mlango. Sisi tuliopita mikononi mwake tulifunguliwa milango mpaka tukashikwa na mafua.

Mimi alinipata kwa kibao. Natengeneza simu pale Laini Saba, Kibera, karibu na reli, na nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: SIMU HUTENGENEZWA HAPA. Siku moja mama mmoja wa makamo, sweta la kijani, raba za turubai miguuni na kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kilemba, akasimama mbele ya kibanda akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Na nani?" akauliza.

"Nini na nani?"

"Hutengenezwa na nani?"

"Na mimi, mathe. Si ni mimi niko hapa?"

"Basi mbona umejificha?"

Nilicheka, lakini maneno yake yaliniwasha mchana kutwa kama upupu. Wiki hiyo hiyo nikaandika upya: MIMI NDIYE NATENGENEZA SIMU HAPA. Vijana wa jua kali, mafundi wenzangu wa hapo nje, walinidhihaki, wakanipa jina la Mimi Ndiye. Wateja waliongezeka, hilo sikatai. Ila tangu siku hiyo, simu ikitoka kwangu mbovu kuliko ilivyoingia, mwenyewe alijua koo la kukaba.

Kumbe alikuwa akiandikisha watu. Alikuwa na darasa la uandishi kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja hapo Laini Saba, benchi za mbao na ubao uliopasuka, na hakuwa na subira ya watu kuja wenyewe. Aliwaokota barabarani. Muuza mitumba akisema jambo tamu, anaandikwa. Mtu akisoma gazeti kwa kulibishia, anaandikwa. Aliniambia nina "hasira nzuri ya mwandishi". Baadaye niligundua kila mtu darasani alikuwa ameambiwa vivyo hivyo.

Msimwone mtu wa kanisa mkamdhania mpole. Mchungaji aliyetupa ukumbi aliwahi kujuta kwa sababu yake, pale alipohubiri akisema, "Imeandikwa!" na sauti ikatoka benchi la nyuma: "Na nani?" Mchungaji akataja mtume. Mhariri akaitikia amina kwa furaha, akaandika.

Kwenye mazishi ndiko alikokuwa hatari zaidi. Sisi wa Nairobi tuna ile karatasi ya wasifu wa marehemu, yenye picha mbele na nyimbo nyuma. Mhariri huipokea, anachomoa kalamu, anaanza kazi hata kabla jeneza halijafika. "Marehemu alikuwa mcha Mungu na mtu wa watu," alinisomea mara moja chinichini. "Fundi, kila anayekufa nchi hii ni mcha Mungu. Hawa wezi huwa hawafi?" Nilimkanyaga mguu anyamaze. Alinikanyaga vile vile, kwa nguvu zaidi. Lakini mjane alipokuja kumwomba aseme neno, Mhariri alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mgomvi, alikuwa anaimba vibaya, na ndiye aliyembeba jirani mgonjwa mgongoni kutoka Soweto West hadi barabara ya lami, mvua ikinyesha. Watu walilia pale. Hakuna aliyelia wakati wa kusomwa kwa karatasi.

Ungetarajia mtu kama huyo achukie Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, na kweli darasani alikuwa akikunja uso mtu akileta "manze" kwenye insha. Lakini alikuwa na siri moja isiyokuwa siri: aliipenda. Kijana mmoja alitusomea mashairi yake kuhusu polisi waliomdai hongo, "Karao wakanidaka, wakanichapa, wakaniitisha kitu kidogo," na Mhariri akapiga meza. "Mmeona? Kila kitenzi kina mwenyewe! Sasa nileteeni gazeti." Gazetini tukakuta kijana mwingine "alijeruhiwa katika purukushani". Akatuambia twende tukaitafute hiyo Purukushani, anakaa mtaa gani, ana mke, ana watoto. Sokoni nako ungemsikia akibishania sweta: "Boss, wacha hizo, hii si ni ile ya jana?" Ukimtazama, anasahihisha miwani.

Mganga hajigangi. Huyu mwanamke aliyetunyima vichaka vyote, yeye mwenyewe alikuwa na msitu. Nilimwazima flaski yangu ya chai kwa ajili ya darasa, akairudisha ndani ya mfuko wa karatasi, inalia kama njuga.

"Fundi," akasema, "flaski yako imepasuka."

Nilihisi siku yangu imefika. Nilijinyoosha. "Na nani?"

"Na baridi," akasema, bila kupepesa jicho.

Ilikuwa Februari, jua la kupasua kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa na lami. Hivyo hivyo chapati za darasa zilikuwa "zimeisha", umri wake ulikuwa "umesahaulika", na kitabu cha mtu akikipenda sana, kilikuwa "kimebaki" kwake. Alipenda umbeya kuliko mtu yeyote ninayemjua, ila alitaka mashahidi. Ukimletea habari ya mume wa fulani, alikuwa anakuuliza ulimwona kwa macho yako, na kama hukumwona, alikuwa anakutuma urudi ukamwone.

Nyumbani kwake kulikuwa Kawangware. Alipanga chumba cha mawe katika ploti tulivu, dirisha likitazama mashariki, mfereji wa maji ya bomba uani, magunia aliyootesha sukuma wiki mlangoni. Asubuhi jua liliingia likakaa mezani, na hapo ndipo alipokuwa anasoma insha zetu. Alituambia mara nyingi kwamba akifa, Mungu asimpe jumba, ampe chumba kile kile, na mfereji wake.

Mwenye ploti aliitwa Mzee Karugo. Ile ardhi aliikuta kwa baba yake kabla mji haujaifikia, naye ni mzee wa kanisa, mtu wa suti na fimbo, mwenye ploti nyingine kadhaa humo humo Kawangware. Alimheshimu Mhariri, alimwita Mwalimu, na hakumpandishia kodi hata wengine walipopandishiwa. Mhariri naye alimtengenezea hotuba zake za harusi na harambee. Nilimsikia mara moja akimfokea kwa sababu ya hotuba iliyosema "jengo la kanisa lilijengwa". Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakubali kuwataja mafundi. Walikuwa marafiki, hilo lazima niliseme wazi, maana bila hilo mengine hayana uzito.

Darasa letu lilikuwa likiandaa kitabu kidogo, kumbukumbu za wapangaji: nyumba tulizokaa, majirani tuliowapata, namna tulivyotoka. Jumamosi moja ikawa zamu ya Mama Nekesa. Yeye alitoka Bungoma zamani, anafua nguo katika nyumba za mtaa wa Olympic, na kabla ya kuhamia Kibera alikuwa anakaa Kawangware katika vyumba vya mabati. Alisimama akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"'Hiyo Jumapili tulitoka kanisani tukapata nyumba zetu zimebomoka.'"

"Zimebomoka," Mhariri akasema. "Zilichoka kusimama?"

Tukacheka. Mama Nekesa naye akacheka, akasahihisha. "Zimebomolewa."

"Na nani?"

"Na vijana."

"Vijana gani hao wanaoamka Jumapili asubuhi kubomoa bure, badala ya kulala?"

"Walitumwa."

"Na nani?"

Mama Nekesa aliikunja karatasi. "Mhariri, wacha tu hapo. Si unajua ni nani. Si hata wewe unakaa kwake."

Kicheko kilikatika. Wengi wetu hatukuwa tumejua. Nilimwona Mhariri akivua miwani na kuifuta kwa pindo la sweta, na niliona wazi kwamba hata yeye alikuwa hajajua. Alijua Mzee Karugo alijenga ghorofa mahali palipokuwa na mabati. Nani alikuwa ndani ya mabati yale, na walitoka vipi, hakuwahi kuuliza. Yeye, wa kuuliza.

"Twende chai," akasema. Tulikuwa tumetoka kunywa chai. Tukanywa tena bila kiu, na yeye akasimama peke yake mlangoni akitazama watu wanaotembea relini.

Nilimfuata nikamshauri kwa busara zangu zote. "Mhariri, si tuandike tu 'mwenye ploti', bila jina? Watu wataelewa."

"Kawangware ina wenye ploti wangapi, Fundi? Wengine ni watu wazuri. Unataka niwapake wote matope ili mmoja abaki msafi?"

Aliporudi ndani alikaa karibu na Mama Nekesa, si mbele ya ubao kama kawaida yake, akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia.

"Sentensi ni yako. Ukimficha kwa sababu unajiogopea wewe, mfiche, sitakulaumu hata kidogo. Lakini usimfiche kwa ajili ya chumba changu."

"Mimi ananitisha na nini?" Mama Nekesa akasema. "Kwangu alishabomoa. Hana kingine cha kunibomolea. Mimi nilikuwa nahofia wewe. Utaenda wapi?"

"Hilo haliko kwenye insha yako. Andika."

Mama Nekesa akaandika: "Mzee Karugo alituma vijana wakabomoa nyumba zetu tukiwa kanisani, na cherehani yangu ilikuwa ndani." Mhariri aliisoma ile sentensi. Aliongeza koma moja, na hata hiyo aliomba ruhusa.

Kitabu tulikichapisha katika saiba moja, duka la kompyuta upande wa Olympic, karatasi zilizoshikwa kwa pini za stepla, jalada la manjano kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki. Kilitembea kuliko tulivyodhani. Kilitembea mpaka Kawangware, kikapanda ngazi, kikaingia sebuleni kwa Mzee Karugo. Alikisoma, tuliambiwa, akiwa amesimama.

Notisi ililetwa na msimamizi wa ploti. Iliandikwa kwa kompyuta: "Mpangaji anaarifiwa kwamba chumba kinahitajika. Anaombwa kuhama kabla ya mwisho wa mwezi." Nilikuwa pale, nimekwenda kumrudishia Mhariri simu yake. Msimamizi alikuwa anajuta hata kusimama mlangoni. Mhariri alisoma, akachomoa kalamu kwenye kilemba, akaketi mezani. Juu ya "anaarifiwa" aliandika "na nani?" Juu ya "kinahitajika" aliandika "na nani? kwa nini?" Juu ya "anaombwa" aliandika tena, kwa herufi kubwa. Chini kabisa akaweka maoni yake: "Wazo linaeleweka. Rudia." Akamkabidhi msimamizi.

"Madam, siwezi mpelekea hii," yule mtu akasema. "Ataniua."

"Umeona? Hata wewe unajua kutumia kitenzi vizuri. Nenda."

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilidhani ameshinda. Nilidhani Mzee naye atacheka kama zamani mpaka akohoe, na mambo yaishe kwa chai.

Jibu lilikuja kesho yake, kwa mkono wa mwenyewe, wino wa buluu. "Mwalimu. Mimi Karugo nataka utoke kwenye nyumba yangu, kwa sababu uliliacha jina langu liandikwe kwenye kile kitabu." Mhariri alilisoma mara mbili, akitafuta kosa. Hakuliona. "Ameiva huyu," akasema, na akaanza kutoa vitabu kwenye rafu.

Nilimletea mkokoteni. Mzee Karugo alikuwa amesimama getini, fimbo mkononi, bila suti siku hiyo, kardigani tu. Alionekana mzee kuliko nilivyomzoea.

"Mwalimu," akasema, "si ungeandika tu zilibomolewa? Kila mtu angejua."

"Kama kila mtu angejua, mbona umekasirika?"

Mzee alisogea pembeni mkokoteni upite, na gunia la sukuma lilipoegemea vibaya, alilishika lisianguke. Kisha akafunga geti. Kwa kifupi, Mzee Karugo alimfukuza Mhariri kwa sababu ya sentensi moja.

Sasa Mhariri anakaa Soweto West, humu humu Kibera, chumba cha mabati katikati ya vyumba vya mabati, redio ya jirani ikiwa yake pia atake asitake. Maji ananunua. Mama Nekesa humpitia jioni akitoka Olympic, na wawili hao wakikutana hakuna mtu wa mtaa huo aliye salama. Darasa linaendelea. Ukimwuliza habari za makao, anasema hewa ya huku ni nzuri kwa sarufi.

Juzi nilimpelekea maandishi haya, mpaka hapo ulipofikia. Alikaa mlangoni penye mwanga, akavaa miwani, akatoa kalamu. Nilikaa kwenye kindoo nikijifanya natengeneza simu. Penye flaski alichora mstari na kuandika pembeni: "Uchunguzi haujakamilika." Penye umri aliandika: "Umbeya." Alicheka peke yake mara kadhaa, na nilianza kujiona mwandishi.

Kisha kalamu ikasimama. Alikuwa amefika kwenye ile sentensi ya mwisho ya geti, ya Mzee Karugo kumfukuza. Aliikata yote kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: "Mhariri alihama."

"Hii inatosha," akasema. "Ni fupi."

"Mhariri, hapo umemficha mtu."

"Nimemsamehe."

"Msamehe tu, ni sawa. Lakini hukuhama."

Alinitazama juu ya miwani. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, lakini niliogopa. Nilinyoosha mkono nikaichomoa ile kalamu vidoleni mwake, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya, nikakata sentensi yake na kurudisha yangu, jina la Mzee Karugo mbele, kitenzi kikifuata.

Aliichukua karatasi, akaisoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Hakuuliza chochote. Alivua miwani lakini hakuifuta, akaiweka mapajani, na nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Iache," akasema. "Nilikipenda sana kile chumba, Fundi."